Swali la Fundi Chande

Jumatatu, saa mbili asubuhi. Newala.

Ukungu haujainuka. Hapa nilipokaa barazani siuoni hata mkorosho wa kwanza ng'ambo ya uzio, na baridi ya mwezi huu wa sita imenifanya nijifunge kanga mbili juu ya sweta. Shule imefungwa, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Nimepika chai. Baba Mwanaidi ameinywa ya kwake chumbani kwa binti yetu, ambako alilala jana kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

Wengi mnaosoma humu hamnijui. Mnajua tu kwamba ni mwalimu, kwamba napanda maua kwenye makopo, kwamba nililia Mwanaidi alipokwenda chuo Mtwara. Miaka mitatu nimeandika hapa na sijawahi kugusia gari lililokuwa bandani kwetu. Leo naligusia.

Naogopa. Nianzie hapo.

Gari lenyewe ni dogo, jeupe, la mtumba. Limekaa miaka saba kwenye banda la bati nyuma ya jiko, juu yake turubai la bluu ambalo jua limelila mpaka likabaki nyuzi. Kuku walitagia chini yake. Mtaa mzima unajua kwa nini halitembei: lilikataa breki likamvunja mtu mguu kule Makote, na Mwalimu akaapa hatalipanda tena.

Hiyo ndiyo habari. Niliitoa mimi.

Siku ile nilikuwa natoka shuleni Makote narudi nyumbani. Kwenye kiti cha pembeni nilikuwa nimerundika karatasi za mtihani wa hesabu wa darasa la sita, sikuzifunga hata kwa uzi. Madirisha yalikuwa wazi, na upepo wa huku juu ni ule mnaoujua. Karatasi zikaanza kuruka. Moja ikanasa kwenye kioo cha mbele, nyingine zikaingia chini ya miguu. Nikaachia usukani kwa mkono mmoja kuzikamata, kisha nikainama kabisa. Nilipoinua kichwa, Hassani, mkulima wa pale Makote, alikuwa mbele yangu na baiskeli yake na kiroba cha mihogo, anatokea kwenye kijia cha mikoroshoni.

Nilimgonga. Gari likaacha njia, likapanda tuta la mchanga, likazama na kuzima lenyewe.

Sikukanyaga breki. Mguu wangu haukuigusa kabisa.

Watu walifika kabla sijapata pumzi. Nilishuka, nikamwona Hassani ameushika mguu wake uliokuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Breki zimekataa." Sikulipanga. Lilitoka tu, kama mtoto anavyosema si mimi. Pengine lingeishia pale. Lakini mwanamume mmoja kati ya wale watu akauliza, "Si gari hili lilikuwa kwa Chande juzi?"

Nikanyamaza. Uongo wangu mkubwa ni ule ukimya.

Chande ndiye aliyekuwa fundi wetu. Kijana wa hapa hapa, mimi mwenyewe nilimfundisha darasa la tatu, nikamshika mkono kuandika herufi. Siku nne kabla ya ajali alikuwa amebadilisha breki pedi zote. Hassani hakufa, na ndugu zake hawakutaka mambo ya polisi. Tulikaa kwa mwenyekiti wa kijiji, tukamhudumia hospitalini mpaka akatembea, akabaki anachechemea. Hakuna aliyelikagua gari. Nani angelikagua, wakati Mwalimu ameshasema?

Wiki ile ile Chande alikuja nyumbani. Aliomba kitu kimoja tu, afungue magurudumu aone kwa macho yake. Nilikuwa chumbani, mlango umeegeshwa, nasikia kila kitu. Nilimwambia mume wangu kwa sauti ya mgonjwa, "Mwambie gari lisiguswe na mtu yeyote. Sitaki hata kuliona." Mume wangu akatoka akamwambia. Nikamsikia Chande akijibu, "Sawa, Baba. Mpe Mwalimu pole."

Haukupita muda, ikawa hakuna aliyempelekea gari. Akahamia Masasi.

Miaka saba nimeishi na hilo. Nisiseme lilininyima usingizi kila siku, huo nao utakuwa uongo. Nilizoea. Nilikuwa nikipita karibu na banda naangalia upande wa pili, basi.

Mwaka huu nyonga ya Baba Mwanaidi imeharibika. Anatembea na fimbo. Shamba letu la mikorosho liko upande wa Makote, na huu ndio wakati wa kuipulizia dawa ya salfa. Asipokwenda, hatuna msimu. Amekuwa akipanda bodaboda huku ameuma meno. Ijumaa alikwenda hospitali Masasi, daktari akamwambia pikipiki basi, marufuku.

Alirudi Ijumaa adhuhuri na uso mwepesi. Nikamtengea chakula.

"Nimekutana na Chande stendi," akasema. "Kanisalimia vizuri kweli. Kaniuliza kama lile gari bado lipo."

Nilimimina mchuzi.

"Nimemwambia aje kesho alifufue."

"Mafundi wamejaa hapa Newala, Baba Mwanaidi. Kwa nini yeye?"

"Kaomba mwenyewe. Kasema hata asipopewa asante atakuja. Anataka alifungue kwa mkono wake." Akanawa, akamega tonge. "Nami nimemwambia asiwe na wasiwasi, sisi tulishamsamehe zamani."

Tulishamsamehe. Alilisema kwa moyo safi kabisa. Nilikwenda jikoni kuchukua chumvi ambayo ilikuwa tayari mezani.

Sasa naandika jambo ambalo sikulisema hata jana, nilipodhani nimesema yote.

Ijumaa hiyo hiyo alasiri, mume wangu alipokwenda msikitini, nilichukua plaizi kwenye sanduku lake la vifaa nikaingia bandani. Nilifunua turubai upande wa mbele, nikalala chali mavumbini, mimi na umri wangu wa miaka arobaini na tisa, nikatafuta paipu ya breki. Sijui mambo ya magari lakini hiyo niliijua, nilikuwa nimeitafuta kwenye simu. Nilitaka kuikata. Fundi akifungua aikute imekatika, aseme kweli, breki zilikataa. Ingekuwa kosa la paipu. Si lake, si langu.

Niliibana paipu kwa plaizi. Nilikuwa nahema kama mtu anayekimbizwa. Ningependa kusema dhamiri ilinizuia. Si dhamiri. Nilisikia fimbo ya mume wangu ikigonga uani na kikohozi chake, nikatoka mbio na vumbi mgongoni, nikamwambia nilikuwa natafuta mayai.

Jumamosi Chande alifika na gari la kwanza kutoka Masasi, amebeba betri mpya ndani ya kiroba na begi la vifaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Chande. Hujambo?"

"Sijambo. Nyumba haijabadilika."

Yeye ndiye aliyebadilika. Ana miaka kama thelathini na sita na tayari ana mvi juu ya masikio. Hakunitazama usoni. Nilidhani ananichukia, nikaona heri iwe hivyo. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa anaona aibu. Yeye.

Walilivuta turubai, wakafungua boneti. Ndani mlikuwa na kiota cha panya kilichojaza sanduku la kichujio cha hewa, na juu ya injini gamba la nyoka, refu, zima mpaka kwenye macho. Mume wangu alirudi nyuma. Chande akaliondoa kwa kijiti, akasema, "Huyu alihama zamani." Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko nikitamani nyoka awemo bado, ili kazi isimame.

Aliziondoa plagi, akatia oili kidogo kwenye kila tundu, akakaa nusu saa akisubiri ipenye. Akamwaga petroli ya zamani ili atie mpya. Ilitoka na rangi ya chai ya rangi, ikanuka kama vanishi mpaka huku jikoni. Wakati akisubiri walikuwa wakizungumza, na ukuta wa jiko letu hauzuii neno.

"Masasi kazi zipo?" mume wangu aliuliza.

"Zipo, Baba. Natengeneza injini, nachomelea. Breki sigusi."

"Huzigusi?"

"Mtu akija na breki namwelekeza kwa jirani. Tangu hapa. Hii ndiyo ya kwanza, na ikibidi itakuwa ya mwisho."

"Mambo ya Mungu hayo, Chande. Usijitese."

"Baba, mimi nakumbuka kila nati niliyokaza siku ile. Usiku nazihesabu. Sijui ipi niliisahau."

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Niliutazama kama sijui kazi yake.

Baadaye aliingia ndani ya gari kusafisha. Akatoka na kitu mikononi, akaja mpaka mlangoni, akanikabidhi kwa mikono miwili. Zilikuwa karatasi za mtihani, sita au saba, zimetafunwa na panya pembeni. Zilikuwa zimekwama chini ya kiti cha dereva.

"Za watoto, Mwalimu."

Nikasema asante. Alipogeuka nikazitia motoni. Hakuna mtu duniani ambaye angeziona akaelewa chochote, na bado nilizichochea kwa kijiti mpaka zikawa majivu.

Halafu akachukua spana ndefu kuzungusha injini kwa mkono. Mungu anisamehe, niliomba iwe imekamata, isizunguke kabisa. Niliomba kwa maneno kamili, nimefumba macho. Chande alisukuma, akapumzika, akasukuma tena. Kimya. Kisha nikamsikia akisema taratibu, "Inakuja."

Aliniomba maji ya rejeta. Nilichota kwenye kisima chetu cha maji ya mvua, nikampelekea, nikamwaga nusu njiani.

Ilikuwa karibu saa kumi walipojaribu kuliwasha. Mara ya kwanza stata ilikoroma tu. Mara ya pili injini ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikazima. Mara ya tatu ikashika. Lile banda zima likatetemeka, bati zikalia, kuku wakatawanyika. Mume wangu alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu nyonga ianze. "Mama Mwanaidi, njoo usikie," akaita.

Nilikwenda. Nikasimama pembeni yake, nikatabasamu. Kwenye baridi ile mgongo wangu ulikuwa umelowa.

"Kesho breki," Chande akasema, akazima.

Alikwenda kulala kwa shangazi yake. Sisi tulikula ming'oko, viazi vyetu vya porini, mume wangu akapanga siku za kupuliza salfa, mimi nikaitikia ndiyo.

Jana Jumapili alianza mapema. Magurudumu yalikuwa yamegandana na kutu, akayapiga kwa nyundo, akapandisha gari kwenye jeki na kulikalisha juu ya mawe. Nilikuwa nafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nyundo ikanyamaza. Ikakaa kimya muda mrefu sana, muda wa kufua shuka moja na kulisuuza na kulikamua. Kila mara nilijiambia sasa ataita, na hakuita, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kisha akaita. "Baba, njoo uone. Na Mwalimu pia, tafadhali."

Tulikwenda. Alikuwa amechuchumaa, breki pedi mbili kwenye kiganja.

"Hizi ndizo nilizofunga," akasema. "Tazama unene wake, hazijaliwa. Nati zote zipo, zote zimekaza. Paipu zimeshika kutu lakini hakuna iliyotoboka, wala hakuna dalili ya kuvuja. Oili ya breki imekuwa nyeusi, ila ipo mpaka kwenye mstari."

"Maana yake nini?" mume wangu akauliza.

"Maana yake sikukosea kufunga." Alisema bila furaha. Aliziweka zile pedi chini, juu ya kitambaa, polepole. "Limebaki moja, Baba. Huenda niliacha upepo ndani ya paipu. Upepo ukiwemo, pedali inakuwa laini, inazama mpaka chini na gari halisimami. Hilo haliachi alama. Anayelijua ni aliyekanyaga tu."

Akainuka. Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Mwalimu, siku ile ulipokanyaga, pedali ilizama au ilikuwa ngumu?"

Hilo ndilo swali alilotaka kuniuliza siku aliyokuja nikajificha chumbani. Alilibeba miaka saba mpaka Masasi na kurudi nalo.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ilizama. Neno moja, na angelikubali. Mabega yake yalikuwa yameshaanza kushuka kulipokea. Mume wangu angemwambia tumeshasamehe. Gari lingefungwa, lingetembea, na mimi ningekuwa salama mpaka kufa kwangu. Nilifungua kinywa niliseme.

"Sikukanyaga," nikasema.

Mume wangu aligeuka. "Hukukanyaga nini?"

"Breki. Sikuikanyaga. Nilikuwa nimeinama naokota karatasi."

Nikaeleza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu anayesoma tangazo. Karatasi, upepo, Hassani, yule mtu aliyeuliza kuhusu Chande, ukimya wangu. Nilieleza nikiwa nazitazama zile pedi kwenye kitambaa, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Kilichonisukuma sikijui. Sitajipamba hapa kwa kukiita ujasiri.

Nilipomaliza, Baba Mwanaidi alichukua fimbo yake akaingia ndani. Niliusikia mlango wa chumba cha Mwanaidi.

Chande alikaa chini, juu ya tairi. Nilingoja atukane. Ningependa angetukana.

"Baba yangu alifariki mwaka juzi," akasema. "Nilimzika akijua mwanawe ndiye aliyemvunja mtu mguu. Alikuwa anawaambia watu, mwanangu alikosea, binadamu hukosea."

"Chande, nisamehe."

"Ngoja, Mwalimu. Usinipe hilo sasa hivi." Alijifuta mikono, vidole kimoja kimoja. "Nimalize kufunga. Siwezi kuliacha gari la watu juu ya mawe."

Akafunga. Saa mbili nzima alisafisha kutu, akaweka oili mpya ya breki, na ilipofika kutoa upepo kwenye paipu akahitaji mtu wa kukanyaga pedali. Mume wangu hakutoka. Nikakaa mimi kwenye kiti cha dereva. Yeye chini ya gari, mimi juu. "Kanyaga," anasema, nakanyaga. "Achia." Naachia. "Kanyaga. Shikilia hapo." Hatukuzungumza neno lingine. Kila nilipokanyaga, pedali ilizidi kuwa ngumu chini ya mguu wangu, mpaka ikakataa kushuka.

Alipotoka chini akasema, "Sitaki pole ya hapa uani. Niliharibiwa jina Makote. Twende ukaseme kule."

"Lini?"

"Gari si linawaka?"

Nilimwambia sijaendesha miaka saba. Akazunguka, akakaa kiti cha abiria, akafunga mlango.

Safari ile siwezi kuieleza vizuri. Nilikwenda na gia ya pili karibu njia yote. Kila mtu aliyekuwa na baiskeli nilisimama kabisa mpaka apite. Jasho liliniingia machoni na sikuthubutu kulifuta kwa sababu mikono haikutaka kuachana na usukani. Chande alitazama mbele tu. Kwenye mchanga mzito akasema, "Usikate kona ghafla," na hayo ndiyo maneno yake yote mpaka tukafika.

Hassani alikuwa nyumbani kwake karibu na duka, anamenya mihogo na mkewe. Watu waliliona gari wakalitambua, wakaanza kusogea. Nilikuwa nimepanga kuomba tuingie ndani. Nilipoona wanasogea nikajua ndani hakuna maana, maana siku ile pia nilisema mbele ya watu. Kati yao walikuwemo wazazi wa wanafunzi wangu. Na mmoja alikuwa mwanafunzi wangu wa sasa, mwenye daftari ambalo niliwahi kuandika kwa wino mwekundu, Usidanganye.

Nilisema. Nilisimama kwenye ua wa Hassani, nikasema breki hazikukataa, fundi Chande hakukosea kitu, nilikuwa naokota karatasi, na nilipoona kosa linamwangukia nikaliacha limwangukie.

Kisha mama mmoja nyuma akasema, "Mwalimu?" Hivyo tu, kana kwamba anauliza kama ni mimi kweli.

Hassani hakunijibu mimi kwanza. Alimgeukia Chande.

"Ulikuwa unaniletea kuni," akamwambia. "Kila wiki mpaka nikasimama. Ukanilimia shamba. Nami nikakuacha ulime, naona ndivyo inavyopasa."

Sikuwa nalijua hilo la kuni. Wala la kulima. Hakuna aliyewahi kuniambia.

"Ulikuwa hujui," Chande akasema.

"Sikujua. Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe."

Wakashikana mikono, Hassani akiwa ameegemea nguzo ya jiko kwa sababu ya mguu. Ndipo akanitazama.

"Mwalimu, mguu huu niliusamehe zamani. Lakini msamaha ule nilimpa Chande. Wewe sijakusamehe, maana sikujua kama nina la kukusamehe. Ngoja nifikirie."

Nikasema, "Sawa." Mkewe alikuwa bado ameshika kisu na muhogo uliomenywa nusu. Hakunikaribisha kukaa. Kwa kawaida nikipita pale huwa wananitolea kiti kabla sijafika.

Nilimpeleka Chande stendi, akapanda gari la alasiri kurudi Masasi. Kabla ya kushuka kwenye gari letu alisema, "Usinipigie simu. Nikiwa tayari nitapiga mimi." Aliufunga mlango kwa upole. Kwenye kiti aliacha spana ndogo. Sijui aliisahau au vipi. Nimeiweka juu ya kabati.

Nilirudi nyumbani peke yangu, na gari likiwa linanguruma vizuri.

Kwa hiyo hapa nilipo, ninaogopa mambo mengi kwa wakati mmoja. Shule ikifunguliwa nitasimama mbele ya watoto ambao wazazi wao walikuwa pale uani. Mwalimu mkuu atakuwa amesikia. Mwanaidi atasikia, kama baba yake hajampigia tayari, na mtoto yule ananiamini kwa kila kitu. Naogopa simu ya Chande isipokuja. Naogopa ikija. Zaidi ya yote naogopa ule mlango wa chumba cha binti yetu, na mtu aliye nyuma yake, ambaye kwa ajili yangu alimfukuza kijana asiye na kosa, kisha akamsamehe.

Jana nilimwita kwenye chakula mara mbili. Alikula baada ya mimi kutoka mezani.

Na bado sijamwambia kuhusu plaizi.

Nilikuwa nimepanga kumalizia hapa, lakini mlango umefunguka. Baba Mwanaidi ametoka, amevaa nguo zake za shamba na buti, begani ana mfuko wa salfa. Amepita mbele yangu bila kunitazama. Ameshuka ngazi za baraza na fimbo yake, moja, moja, akaenda mpaka kwenye gari. Ameuweka mfuko nyuma. Sasa amekaa kiti cha abiria na amefunga mlango.

Hajaniita. Hajapiga honi. Amekaa tu anatazama mbele, kwenye ukungu.

Kutoka hapa mpaka shambani tutakuwa wawili ndani ya gari dogo, na barabara inapita mlangoni kwa Hassani. Sijui atasema nini. Sijui kama atasema. Nitamwambia lile la plaizi kabla hatujafika, na sijui baada ya hapo atarudi na mimi au atarudi kwa miguu.

Natafuta viatu vyangu.